Kusamehe na Kulinda

Somo: Mathayo 18



Jioni moja, mvua ikinyesha milimani, mama mmoja wa hapa Mkuyuni alinijia, akaketi kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Baba Mchungaji, kaka yangu ametoka gerezani. Alifungwa kwa kumdhalilisha mtoto wa jirani. Nyumba ni ya ukoo, naye ni mjomba wa watoto wangu. Je, alale kwetu?" Nanyi mwajua mjomba alivyo kwa Waluguru: ndiye nguzo ya ukoo, maana ukoo wetu hufuata upande wa mama. Kumfungia mlango si jambo jepesi.

Naungama kwamba nilikaribia kujibu kwa haraka. Jumapili iliyotangulia nilimwona mtu yule akilia kanisani, nikataka kusema, "Mpokee, kwani Bwana amempokea." Lakini nilijizuia, tukafungua Mathayo 18.

Katika sura ile Bwana amsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi, aonya kwa habari ya jiwe la kusagia, amtafuta kondoo aliyepotea, kisha amfundisha Petro kusamehe pasipo kuhesabu. Sisi hupenda kuikata sura hii vipande. Wengine hushika jiwe tu, wakamfukuza mwenye dhambi kama mbwa. Wengine hushika msamaha tu, wakamsahau mtoto. Lakini Bwana, alipoanza kunena habari za msamaha, hakumwondoa mtoto pale katikati.

Basi tufahamu: kumsamehe mtu ni jambo moja, kumkabidhi watoto ni jambo lingine. Aliyesamehewa deni hapewi siku ile ile ufunguo wa sanduku la fedha, wala hasemi kwamba ameonewa. Tena Katekisimo yatufundisha kwamba Adamu wa kale hana budi kuzamishwa kila siku. Asemaye, "Mimi sina hatari tena kamwe," hajaufahamu ubatizo wake.

Hata msamaha wa serikali haujibu swali hili. Mwaka 2004 wanamuziki wawili, Nguza Viking na mwanawe Johnson, walihukumiwa Dar es Salaam kifungo cha maisha kwa makosa juu ya watoto wa shule. Wao walikana. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe. Na Machi 2018 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliona kwamba haki yao ya kujitetea ilivunjwa. Kesi ile si yetu kuihukumu. Nataka tuone hili tu: msamaha wa Rais hufungua lango la gereza, bali haupimi usalama wa nyumba yo yote.

Wala tusidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana kama 1 katika kila 7, waliwahi kudhulumiwa kwa namna hii kabla ya kutimiza miaka 18. Na mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamjua.

Tupime kwa nini, basi? Si kwa machozi, wala kwa sauti nzuri katika kwaya. Tuulize: Je, amekiri pasipo kumlaumu mtoto? Alimpataje mtoto yule, naye yu karibu na nafasi kama ile tena? Je, mtu mzima wa nyumba anaamini kwamba kosa lilitendeka, au husema alisingiziwa? Watoto wanaye mtu wa kumwambia? Na mkosaji akiwekewa mipaka, aikubali au akasirika?

Wazee wa kanisa wasiyapime haya peke yao. Yuko afisa ustawi wa jamii, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yatuagiza kutoa habari mtoto anapodhulumiwa. Kulimaliza jambo nyumbani kwa mbuzi na maneno laini ni kumwuza mtoto. Naye mtoto wa jirani ni wa usharika huu. Asilazimishwe kumsalimu mtu yule, wala kutamka msamaha mbele ya watu.

Yule mama hakumlaza kaka yake nyumbani. Tulimwendea afisa, na mzee mmoja asiye na watoto nyumbani mwake akampa chumba. Hula kwa dada yake mchana, watu wazima wakiwapo. Shule ya Jumapili haikaribii. Tulipomwambia mipaka hiyo, aliinamisha kichwa, akasema, "Ni haki. Mimi mwenyewe najiogopa." Neno lile lilinionyesha toba kuliko machozi yake yote.

Bwana atupe mioyo ya kusamehe na macho ya kukesha. Amina.