Watoto Kwanza, Mazizi Baadaye

NENO LA JUMAPILI
Masomo: Hesabu 32:1-27, Yoshua 4:12-13, Yoshua 22

Tunawasalimu ninyi mnaokusanyika nasi hapa Tacoma na Lakewood, na ninyi mnaosoma neno hili mkiwa mbali, hasa wale walio kazini ng'ambo wakiwa na sare mwilini. Hapa Marekani mwezi wa Aprili ni mwezi wa mtoto wa mwanajeshi, desturi iliyoanza mwaka 1986 wakati Caspar Weinberger alipokuwa Waziri wa Ulinzi. Ndiyo maana siku moja mwezi huu watoto wetu wataambiwa wavae nguo ya zambarau shuleni. Kuvaa nguo ni jambo jema. Lakini leo tunataka kuuliza: mtoto aliyevaa nguo hiyo, nani amemjengea mji?

Tufungue Hesabu 32. Makabila ya Reubeni na Gadi yalikuwa na mifugo mingi sana. Walipoiona nchi ya Yazeri na Gileadi, kabla ya kuvuka Yordani, waliona ni malisho mazuri. Wakamwendea Musa wakaomba wapewe pale pale, wasivushwe mto. Musa alikasirika. Aliwauliza itakuwaje ndugu zao waende vitani na wao wabaki wameketi. Akawakumbusha jinsi wapelelezi walivyowavunja watu moyo kule Kadesh-barnea, na taifa zima likazunguka jangwani miaka 40.

Ndipo wakamsogelea Musa wakatoa ahadi. Tutavuka, walisema, tutatangulia mbele ya ndugu zetu tukiwa na silaha, wala hatutarudi mpaka kila mmoja amepata urithi wake. Ila kwanza tuacheni tujenge hapa. Sasa, wapendwa, angalieni mpangilio wa maneno yao. Katika mstari wa 16 wanataja kwanza mazizi ya mifugo, halafu ndipo wanataja miji ya watoto wao. Musa aliwakubalia. Lakini katika mstari wa 24 aliporudia maneno yao aliyageuza: miji ya watoto kwanza, mazizi baadaye. Hakuwafokea, hakuwahubiria. Aliwapangia tu maneno upya. Nao walielewa, kwa maana katika mstari wa 26 wanapojibu, watoto wanatajwa mwanzo, kisha wake zao, na mifugo inafuata nyuma.

Sisi tulio ugenini tunayajua mazizi yetu. Zizi ni zamu ya pili ya kutunza wazee usiku. Zizi ni kiwanja cha nyumbani kinachongoja mabati. Zizi ni mchango wa chama, karo ya wadogo zetu, na tiketi ya kwenda kuzika. Hakuna lililo dhambi hapo. Musa hakusema msijenge mazizi. Alisema tu kipi kianze.

Na katika ushirika wetu wapo walioingia jeshini. Wengine waliingia ili wapate uraia mapema, wengine ili wasomeshwe, wengine kwa kuipenda nchi iliyowapokea. Kambi ya Lewis-McChord iko hapa mlangoni petu. Watoto wa wanajeshi hawa wanasoma na watoto wetu wengine, kwa kuwa wengi wa watoto wa wanajeshi wa Marekani husoma shule za umma za kawaida. Hata shule za msingi zilizo ndani ya kambi yetu zinaendeshwa na wilaya ya shule ya Clover Park, si na jeshi. Kwa hiyo mtoto anayelia darasani Jumatatu kwa sababu baba amesafiri Jumapili, analia mbele ya mwalimu wa kawaida. Mwalimu huyo asipoambiwa, atadhani mtoto ni mkaidi.

Hapo ndipo ushirikiano wa kambi na shule unapoingia, na ni vizuri tuujue kwa undani, kwa sababu ni sehemu ya miji ambayo nchi hii imewajengea watoto hawa. Mwaka 1950 Marekani ilitunga sheria ya kuzisaidia kwa fedha wilaya za shule zenye ardhi ya serikali kuu, kwa kuwa ardhi ya kambi hailipi kodi inayolisha shule. Baadaye majimbo yalianza kuingia katika mkataba wa elimu ya watoto wa wanajeshi, na leo majimbo yote 50 yamo pamoja na mji mkuu, Washington D.C. Mkataba huo ulitokana na shida ambayo wengi wenu mnaijua: mtoto wa mwanajeshi huhamishwa shule mara nyingi, na kila akihama anakuta vitabu vingine, sheria nyingine, na marafiki ambao wameshapeana nafasi zote.

Mkataba unasema nini? Mtoto akihamia jimbo jingine, shule mpya impokee kwa nakala za muda za rekodi zake, isimwache nyumbani ikingoja rekodi rasmi. Akikosa chanjo inayotakiwa hapa, apewe siku 30 za kuipata. Aliyekuwa akipata huduma za mahitaji maalumu aendelee kupata huduma zinazolingana. Mzazi akiwa anaondoka kwenda kazini ng'ambo, au amekuja likizo, au ndiyo kwanza amerudi, mkuu wa wilaya ya shule anaweza kumruhusu mtoto siku za ziada za kuwa naye. Na mtoto wa darasa la mwisho asinyimwe cheti kwa sababu tu alisoma somo lile lile katika jimbo jingine chini ya jina tofauti.

Tena kila kambi kubwa ina afisa wa kuunganisha familia na shule. Huduma yake haina malipo. Shule nyingi zilizo karibu na kambi zina mshauri nasaha anayeletwa na jeshi kwa ajili ya watoto hawa. Na katika kambi nyingi kikosi kimoja hufanya urafiki na shule moja: askari huja kusoma na watoto wadogo, kusimamia michezo, kusaidia hesabu.

Sasa tuseme jambo ambalo baadhi yenu mnalisema pembeni tu. Tunao ndugu kutoka Kivu na Burundi. Wao wakisikia kwamba askari wanakwenda shuleni, mioyo yao inaruka. Walikotoka, askari akionekana karibu na shule, mama huacha jembe shambani akakimbia kumtoa mtoto. Katika vita vya Kongo vilivyoanza 1996, makundi yenye silaha yaliwachukua watoto wakawafanya askari, wengine wakitolewa madarasani. Hofu hiyo isichekwe na mtu yeyote katika kanisa hili. Ililipiwa kwa gharama kubwa.

Lakini tusaidiane kutenganisha mambo mawili. Askari anayekwenda kumsomea kitabu mtoto ambaye mama yake yuko ng'ambo, huyo anajenga mji. Afisa wa kuandikisha vijana jeshini ana kazi nyingine, nayo ina sheria yake. Shule za sekondari zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kuwapa maafisa hao majina ya wanafunzi wakiomba. Sheria hiyo hiyo inampa mzazi haki ya kukataa kwa barua. Mzazi unayetaka kukataa, andika barua yako. Wazee watakusaidia kuiandika. Mzazi unayeona mwanao ana wito huo, tutakuombea pia. Kijana aamue akiwa amekua na anajua anachotia saini. Ila mtoto wa darasa la pili ambaye baba yake ni askari hakuchagua sare ya baba. Asitazamwe kanisani kwa jicho la vita alivyovikimbia mtu mwingine.

Turudi kwenye Maandiko, kuna hesabu tunataka mwione. Katika Hesabu 26 wanaume wa Reubeni kuanzia miaka 20 walikuwa 43,730, na wa Gadi walikuwa 40,500. Jumla ni 84,230, hata kabla hatujaihesabu nusu ya kabila la Manase. Lakini Yoshua 4:13 inasema waliovuka Yordani wakiwa tayari kwa vita, pamoja na hao wa Manase, walikuwa kama 40,000. Basi wengi zaidi ya nusu hawakuvuka. Walikuwa wapi? Walikuwa katika miji, pamoja na watoto.

Biblia haitupi majina yao. Haisemi nani aliamka usiku mtoto wa jirani alipoota ndoto mbaya, wala nani aliwafundisha wavulana kuchunga wakati baba zao hawapo. Lakini bila wao, wale 40,000 wangepigana wakiangalia nyuma. Ukihesabu kwa umri wa Kalebu katika Yoshua 14, vita vile vilichukua kama miaka 7. Mtoto aliyeachwa akiwa na miaka 5 alimpokea baba yake akiwa na miaka 12. Mtu fulani alikuwa amemlea katikati hapo.

Mtu huyo katika ushirika wetu mara nyingi ni bibi. Jeshi humtaka mzazi anayelea peke yake, na wanandoa ambao wote wawili ni wanajeshi, waandike mpango wa nani atabaki na watoto. Wengi wetu huandika jina la mama au shangazi aliyetoka nyumbani. Mama huyo anakuja na mapenzi yote, anajua kupika uji, anajua kuomba usiku kucha. Lakini barua ikija kutoka shuleni, anaiweka juu ya friji. Akiitwa na mwalimu, anaogopa Kiingereza chake. Mtoto wa miaka 9 ndiye anayemfasiria bibi habari za makosa yake mwenyewe! Wapendwa, mtoto huyo ana paa, lakini mji wake hauna ukuta.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, ninyi mnaotarajia kutumwa: kabla hamjaondoka, mpeni mlezi hati ya uwakili inayotaja malezi ya mtoto. Chini ya mkataba tuliousema, hati hiyo inatosha kumwandikisha mtoto shule. Na kama mlezi anaishi katika wilaya nyingine, mtoto anaweza kuendelea na shule yake ya zamani, wala wilaya haipaswi kudai karo kwa sababu hiyo. Mpelekeni mlezi kwa mwalimu, waonane uso kwa uso. Mwambieni mwalimu tarehe ya kuondoka.

Pili, ninyi walezi: ombeni mkalimani. Shule za umma hapa zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi au mlezi kwa lugha anayoielewa. Kuomba Kiswahili si kuomba hisani, wala si aibu. Musiwatumie watoto kufasiri mambo yao wenyewe.

Tatu, sisi tusiovuka mto. Tunataka kila familia inayotumwa iwe na nyumba mbili za ushirika zilizo nyuma yake: moja ya kwenda na bibi shuleni, nyingine ya kumchukua mtoto mazoezini na kukaa naye jioni ile ambayo simu kutoka ng'ambo haikupigwa. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, tunawaomba ninyi hasa mkaribie. Nani anajua zaidi yenu jinsi mtoto anavyosikiliza mlango usiku?

Yoshua 22 inatueleza mwisho wa safari. Yoshua aliwabariki wale askari akawaruhusu warudi nyumbani. Na walipofika Yordani walijenga madhabahu kubwa, hata ndugu zao nusura wawapige vita. Walipoulizwa sababu, walijibu kwamba waliogopa jambo moja: isije ikawa siku za baadaye watoto wa ng'ambo ile wakawaambia watoto wa ng'ambo hii kwamba hawana sehemu katika Bwana. Baada ya vita vyote, hofu iliyobaki mioyoni mwa askari wale ni kwamba watoto wao wataambiwa si wenzetu.

Mtoto wa mwanajeshi anayehama kila baada ya miaka michache huambiwa hivyo katika kila shule mpya. Mtoto wa mgeni huambiwa hivyo pia. Wa kwetu wengine wanaambiwa mara mbili. Asiambiwe mara ya tatu ndani ya nyumba ya Bwana.

Baada ya ibada tutabaki ukumbini kwa chai. Daftari litakuwa mezani: upande mmoja familia zinazotumwa mwaka huu, upande wa pili nyumba zitakazosimama nazo. Usiondoke bila kuandika.

Tuombe. Ee Bwana, uliye pamoja na walio mbali na walio karibu, walinde wanaovuka. Wape hekima walimu. Watie nguvu mabibi. Nasi tuliobaki, utufanye ukuta wa miji ya watoto hawa, mpaka wazazi wao warudi. Kwa jina la Yesu. Amina.