Lori la Baba: Je, ni Lile Lile?



Baada ya mavuno yaliyopita walifika barazani petu watu wanne wa tumbo moja, dada watatu na mdogo wao wa kiume, wakaketi pasipo kutazamana usoni. Neno lililowaleta lilikuwa lori. Marehemu baba yao aliliacha likiwa gofu la kutu, na sasa limesimama tena juu ya magurudumu yake, nalo lang'aa. Tena amepatikana mtu wa kulinunua. Basi ni la nani? Tuliwasikiliza hata kahawa ikapoa mara mbili, wala hatukuwapa jibu siku ile. Twaandika habari hii kwa idhini yao, bila kutaja majina, kwa kuwa swali walilotuletea ndilo lile alilotupa mwalimu wetu chuoni zamani, nasi tukalicheka tukidhani ni mchezo wa maneno tu.

Lori lenyewe ni Bedford, la namna ile iitwayo J, ambayo Waingereza walianza kuiuza mwaka 1958. Hili lilitengenezwa mwaka 1964, na mzee alilinunua kwa mtu mwingine mwaka 1972. Lilikuwa likishuka kutoka Lushoto na viazi na kabichi na matunda hata Tanga, kisha likipanda na chumvi na samaki wakavu. Wenye kujua mambo ya chuma wamekwisha kuona taabu ilikotoka. Chuma kikipata maji na hewa hufanya kutu, lakini kikipata na chumvi juu yake huliwa upesi zaidi. Na chumvi iliyopenya katika maungio haitoki kwa mvua. Mzee alifariki mwaka 1998. Lori likasukumwa nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, majani yakalijaa, kuku wakataga katika kiti cha dereva, likakaa hivyo miaka 21.

Mwaka 2019 yule mdogo wao aliwaita dada zake akawaambia, "Nataka kulifufua lori la baba." Wakamjibu, "Lifufue." Msomaji na ayaweke moyoni maneno hayo, maana tutayarudia.

Ndugu huyu ni fundi wa kuchomelea, tena fundi wa kweli. Kazi yake tuliiona mara nyingi tulipopita kwenda kuwatazama wagonjwa, nasi twakiri kwamba safari nyingine tulikawia pale kupita kiasi. Hakuanza na rangi. Alivua kila kitu: bodi la mbao, kabini, injini, sanduku la gia, springi, mihimili ya magurudumu, mpaka ikabaki chesisi peke yake juu ya magogo, yaani zile boriti mbili ndefu za chuma pamoja na vipingo vyake, mfano wa ngazi iliyolazwa. Kila nati aliitia katika kopo lenye alama yake. Nati zilizoganda alizichoma moto, kisha akazigusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikapenya katika meno ya bolti. Ndipo spana ilipokubali. Mwenye haraka angalizivunja.

Kisha akaipitia chesisi kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri, akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hutoa sauti nzito kama ya mtungi wenye ufa. Hapo tulijifunza jambo tusilolijua: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo ikiingia kati ya mabamba mawili yaliyofungwa kwa ribiti, huvimba, ikayasukuma yakaachana, na mwisho huweza kuikata hata ribiti yenyewe. Kwa nje waona uvimbe mdogo tu chini ya rangi. Alituonyesha mahali ambapo fundi fulani wa zamani aliuona uvimbe kama ule, akauziba kwa ile dawa inayoganda kama udongo, ambayo mafundi huiita fila, akapaka rangi juu, akapokea fedha yake. Bisibisi ilipenya pale kama katika mkate. Na mzee alikuwa akipakia tani 5 juu ya mahali pale, akizishuka kona za Soni, utingo na abiria wameketi juu ya magunia! Hatumjui fundi yule, wala hatuna haja ya kumjua. Lakini tangu siku ile kila tuonapo rangi mpya juu ya gari kuukuu twapata mashaka.

Vipande vilivyooza alivikata hata akafikia chuma kinachong'aa, kwa maana chuma kipya hakishikani na kutu. Akachomelea vipya, huku akipima kwa kamba: toka pembe ya mbele ya kushoto hata ya nyuma ya kulia, na toka ya kulia hata ya kushoto. Vipimo hivyo viwili visipolingana, chesisi imepinda, na gari litakwenda upande kama kaa. Boriti moja aliiokoa karibu yote. Ya pili zaidi ya nusu yake ni mpya. Sakafu ya kabini, milango na madigadi alifanya mapya. Injini ya zamani ilikuwa imepasuka, akatia nyingine ya namna ile ile, iliyotoka katika gari jingine lililokufa. Kabla ya rangi alipaka dawa ya zinki, kwa kuwa zinki hukubali kuliwa kwanza badala ya chuma. Kazi ilichukua miaka mitatu, na fedha zote zilitoka mfukoni mwake.

Ndipo alipotokea mwenye hoteli ya watalii, akataka lori la kale la kuwatembezea wageni, akatoa bei ambayo hapana aliyeitazamia. Dada wakasema: ni lori la baba, na urithi wa baba ni wetu sote wanne. Mdogo wao akasema: "Lori la baba liko wapi? La baba limo katika magunia." Na kweli magunia yalikuwapo, yamejaa vipande alivyovikata, na milango ya zamani imeegemezwa ukutani. "Hili," akasema, "ni la mikono yangu."

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, asimulia ya kuwa watu wa Athene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus muda mrefu sana. Ubao ulipooza waliutoa, wakatia mpya mahali pake, hata wenye hekima wakagawanyika, hawa wakisema merikebu ni ile ile, na hawa wakisema siyo. Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, akalizidisha tatizo: je, kama mtu angaliziokota mbao zote za zamani, akaziunga tena kwa taratibu yake, ipi katika hizo mbili ingalikuwa ile ya kwanza? Chuoni tulicheka. Barazani, mbele ya magunia yale, hatukucheka.

Kwanza tulidhani jibu ni chesisi. Vingine vyote hufungwa juu yake. Basi penye chesisi ndipo penye gari. Tena tuliona kwamba kwa miaka mingi ofisi ya Serikali ya Uingereza ilitumia hesabu ya namna hiyo kwa magari yaliyogeuzwa sana: chesisi ya asili ilipewa alama 5, springi na vyombo vyake 2, mihimili 2, gia 2, usukani 2, na gari lililopata alama 8 liliruhusiwa kushika namba yake ya zamani. Injini, ambayo wengi huiita moyo wa gari, ilipewa alama 1 tu. Tulifurahi, tukawarudia ndugu zetu na hesabu yetu. Yule fundi akatusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mchungaji, chesisi yenyewe theluthi yake ni chuma changu." Tukanyamaza.

Wala jina silo. Watu wa Kigoma wanajua kwamba meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, mafundi wakiisha kuzipaka injini zake grisi nene zisiharibike majini. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Jina likageuka, bendera ikageuka, na hata hivyo hapana asemaye kwamba ni meli nyingine. (Laiti mwaka 1998 angalikuwapo mtu wa kulipaka lori lile grisi!)

Kilichotusaidia ni hukumu ya mahakama ya Uingereza ya mwaka 1990. Lilikuwapo gari la mashindano, Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na mwaka 1930. Baadaye lilivuliwa na kuvikwa mara nyingi, hata vyombo vya siku zile za ushindi vikabaki vichache mno. Mnunuzi akakataa kulipokea, akisema silo. Jaji akatenga maneno mawili ambayo sisi twayachanganya kila siku. Akasema kwamba haliwezi kuitwa gari la asili, kwa kuwa chuma chake cha kwanza kimetoweka. Bali ni gari lenyewe la kweli, kwa kuwa habari zake zaendelea pasipo kukatika, wala hakuna jingine duniani lenye haki ya kuitwa hivyo.

Tuliposoma hayo tulimwita yule fundi peke yake, tukamwuliza neno moja tu: "Mwenye hoteli ulimwambia ni lori gani?"

Akainama. Alikuwa amemwambia kwamba ni lile lile la mwaka 1964, na kwamba halijatoka katika nyumba ya baba yao tangu mwaka 1972. Na neno hilo lilikuwa kweli! Bei ile kubwa haikuwa bei ya mabamba aliyoyanunua Tanga juzi. Ilikuwa bei ya miaka, na ya mzee mwenye kofia aliyejulikana kuanzia Mombo hata Lushoto. Lakini kwa dada zake asema lori ni jipya. Kwa mnunuzi la kale, kwa warithi jipya: mtu hawezi kuyashika yote mawili kwa kinywa kimoja. Tena mwenyewe alisema "kulifufua", na mtu hafufui kitu ambacho hakikuwapo. Tukamwuliza pia kama alimwonyesha mnunuzi mahali alipochomelea. Hakumwonyesha. Kazi yake ni safi hata macho hayaoni kiungo, na hapo ndipo penye hatari: yule wa fila alificha ubovu, na huyu alificha uzima, lakini mnunuzi wa kwanza na wa pili wote hawakuambiwa wanachokinunua. Twajua fundi hakupenda kufananishwa hivyo. Hata leo hatuna hakika kama tulimtendea haki kwa kusema vile.

Sasa dada. Walidhani tumewapa ushindi, wakaanza kuigawa bei kwa nne. Tukawaambia, ngojeni. Kwamba lori ni lile lile hakujibu bado ni kiasi gani cha thamani yake baba aliwaachia. Alichowaacha nacho kilikuwa mzigo wa chuma chakavu chini ya mparachichi, nao kwa miaka 21 hawakukitupia hata turubai. Dada mkubwa akasimama. "Mchungaji," akasema, "miaka hiyo mimi na wadogo zangu hawa tulikuwa tukimwuguza mama. Yeye alikuwa Tanga akijifunza ufundi, na karo yake aliilipa nani?" Neno hilo hatukuwa tumelijua. Hesabu yetu nzuri ikavunjika mara ya pili.

Walikaa wenyewe siku mbili, sisi hatukuwapo, na twadhani ndiyo sababu waliafikiana. Kwanza zilitolewa gharama zote za vyombo kwa stakabadhi zake. Kisha ujira wa fundi, kwa kadiri ya mshahara wa fundi mwenzake mjini, ila miezi kadhaa aliipunguza mwenyewe kwa ajili ya karo. Juu ya mama, dada mkubwa alisema hatalipwa, na asiulizwe tena. Kilichobaki kiligawanywa kwa nne. Hatudai kwamba ndiyo hesabu ya haki. Ndiyo waliyoweza kuikubali wote. Mwenye hoteli alionyeshwa picha za chesisi iliyokatwa na mahali pote penye chuma kipya. Akapunguza bei kidogo, lakini lori akalichukua.

Magunia ya kutu yaliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mlango mmoja wa zamani haukuuzwa. Dada mkubwa aliuomba, kwa kuwa juu yake yasomeka bado maneno aliyoyaandika mzee kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe. Umesimama jikoni kwake pamoja na kutu yake. Juma lililopita tulimkuta mjukuu wake mdogo ameketi mbele yake akiendesha kwa kifuniko cha sufuria, akatuambia kwamba hili ndilo lori la babu. Kisha akamgeukia bibi yake, akamwuliza kama lile la watalii nalo ni la babu.

"Nalo pia," bibi akamjibu, akaendelea kumenya ndizi.