Je, Nia Njema Yatosha Katika Dawa?



Mama ana mtoto mchanga mwenye mafua. Jirani anamhurumia, anamletea mafuta ya mbegu za muarobaini na kumwambia: "Mnyweshe, mwanangu, hii ni miti tu, haidhuru." Mtoto akidhurika, je, jirani huyo ana lawama? Nia yake ilikuwa njema, wala hakupokea hata senti moja.

Swali hili si la kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 matabibu wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kwa maradhi madogo madogo. Walitapika, wakashikwa na usingizi mzito na degedege, na baadhi yao wakafa.

Je, basi tuitupe miti shamba yote? La hasha! Hilo nalo ni kosa, kama lilivyo kosa kusema kwamba kitokacho mtini hakina madhara.

Mwaka 1775 tabibu wa Kiingereza, William Withering, aliulizwa rai yake juu ya dawa ya siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire. Dawa hiyo iliwaponya watu waliovimba kwa maji, ambao matabibu walikuwa wameshindwa nao. Ilichanganywa mimea 20 au zaidi, lakini Withering akatambua kuwa ufanyao kazi ni mmoja tu, uitwao Digitalis, wenye maua ya zambarau mfano wa kengele.

Hakumdharau bibi yule. Wala hakuridhika na sifa za dawa yake. Alifanya uchunguzi kwa miaka 10. Aliona kuwa nguvu ya jani hubadilika kwa majira, hivyo akachuma majani wakati mmea unapotoa maua, akayakausha na kuyasaga ili aweze kuyapima sawasawa. Na katika kitabu chake cha mwaka 1785 aliwaandika waliopona na wasiopona pia. Huo ndio uaminifu!

Leo twajua kuwa katika jani hilo mna kitu kiitwacho dijitoksini. Kiasi kidogo huutia moyo nguvu na kutuliza mapigo yake. Kikizidi kidogo tu, kitu kile kile huleta kutapika, huvuruga mapigo, na huua. Jani ni lile lile. Kilichobadilika ni kipimo.

Sasa turejee kwa jirani yetu. Mafakihi wamesema tangu zamani kuwa mwenye kujitia utabibu bila ya kuujua ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Hawakumwuliza kwanza kama alikuwa na huruma. Na hukumu hii haichagui baina ya mwenye koti jeupe na mwenye mkoba wa mizizi. Kwani mwili wa mgonjwa ni amana, na amana haihifadhiwi kwa huruma peke yake, bali kwa huruma pamoja na elimu.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujamtilia mwenzio dawa kikombeni, jiulize: Naijua dawa hii? Nakijua kipimo chake? Namjua huyu atakayeinywa, umri wake na dawa nyingine anazotumia? Ukikosa jibu la moja katika hayo, sema "Sijui," na umpeleke kwa ajuaye. Neno hilo si aibu. Huenda likawa ndilo tiba bora uliyoweza kumpa siku ile.