Kikapu na Trekta

Je, mtu wa Chinongwe akienda sokoni na kikapu cha ukindu, dunia itapona? Swali hili halistahili kuchekwa, na jibu lake li karibu, Nachingwea. Katika mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, Waingereza waling'oa miti kwa matrekta huko, na Kongwa na Urambo pia, bila kwanza kupima vema udongo na mvua. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Hasara kubwa ilizaliwa na dharau kwa mambo yaliyoonekana madogo.

Tangu 1 Juni 2019 sheria ya Tanzania imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Lakini sheria huzuia mkono, adabu huzuia moyo. Mwenye kikapu hajaiponya dunia, ila hakuidharau. Na hapo ndipo uponyaji huanza.