Makofi ya kizuizini

Jumatatu nilipanda minibasi kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda Lilongwe, na tangu siku hiyo kuna makofi yamenikaa masikioni.

Tulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Askari, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, alichungulia ndani akaanza kudai vibali vya kutoka kambini. Mama aliyekaa mbele yangu, na furushi la vitenge anavyopeleka kuuza Biwi, mjini Lilongwe, alifungua fundo la pindo lake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho hadi inataka kukatika kwenye mikunjo. Askari akaishika kwa ncha za vidole, akasoma tarehe. Kibali kilikuwa kimeisha muda jana yake. Minibasi nzima kimya. Hata konda aliacha kuhesabu chenji. Askari akaikunja ile karatasi kama alivyoikuta, akamrudishia.

"Pitani, amayi," akasema. Nenda, mama.

Tulipoondoka, abiria wakapiga makofi. Mzee aliyekaa pembeni yangu akasema, "Mungu amzidishie. Laiti wangekuwa wote kama yeye!" Mimi sikupiga. Mzee akaniangalia kama mtu asiye na shukrani, na huenda ndivyo nilivyo.

Dzaleka, kabla haijawa kambi mwaka 1994, ilikuwa gereza ambamo Rais Kamuzu Banda aliwafungia wapinzani wake. Jina lenyewe ni kiapo cha mfungwa: nitaacha, sitarudia. Sisi tuliotoka Uvira, Bukavu na Bujumbura sijui tuliahidi kuacha nini. Ila Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliviwekea masharti vifungu kadhaa, kikiwamo cha uhuru wa kutembea. Ndiyo maana kupeleka kitenge sokoni bila karatasi ni kosa. Mei 2023 tuliyaona matokeo yake: watu walikusanywa Lilongwe, wengine wakalazwa gereza la Maula pamoja na watoto, kisha wakaletwa kambini.

Najua utaniambia mgeni afuate sheria za mwenyeji, na mwenyeji mwenyewe hana kitu. Nakubali. Kambi iliandaliwa kwa watu 10,000 hivi, leo tumepita 50,000, na jirani zetu wa wilaya hii ya Dowa si matajiri. Lakini sheria ya kumkamata mtu kwa pale alipo, si kwa alilotenda, Wamalawi wenyewe wameionja. Mwaka 2015 mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri akielekea Limbe kutafuta riziki, akashtakiwa kwa uzururaji. Januari 2017 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu kilichotumika kumshtaki, ambacho ukoo wake ni sheria ya Uingereza ya 1824. Mchuuzi yule hakuokolewa na askari mwenye huruma. Aliokolewa na hukumu, na hukumu hiyo inamlinda hata mwenzake atakayeangukia mikononi mwa askari mkali.

Mama wa vitenge hana hukumu ya namna hiyo. Ana bahati, tena bahati ya Jumatatu asubuhi. Na yule askari sina ugomvi naye. Pengine alijitia matatani kwa wakubwa wake kwa ajili yetu. Kilichoniudhi ni sisi, jinsi tulivyofurahi kama watoto waliosamehewa viboko, bila hata mmoja kuuliza fimbo ilitoka wapi. Tukizoea kuomba askari wema, tutasahau kudai sheria njema, na wanaotunga sheria hawatakuwa na haraka.

Nilimwambia mzee hivyo. Akacheka: "Mwanangu, sheria inabadilika kwa miaka. Mama huyu anauza leo." Sikuwa na jibu, na bado nadhani amekosea.

Alhamisi nilipita tena palepale. Askari alikuwa mwingine. Abiria wawili walishushwa na vikapu vyao, mlango ukafungwa, tukaendelea na safari. Hakuna aliyesema neno, mimi nikiwamo.