Taa ya Baiskeli na Merikebu ya Theseus

Mtu akiing'oa taa ya mbele iliyokuja na baiskeli yake ya umeme ya milimani, akafunga nyingine, je, baiskeli ni ileile? Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyobadilisha mbao zilizooza za merikebu ya shujaa wao Theseus, na wanafalsafa wakagawanyika kama ilibaki ileile.

Lakini taa si ubao. Mwanga wake haubaki kwa mwenye baiskeli. Humfikia machoni anayekuja.

Nchini Ujerumani sheria imelishika hilo: taa ya mbele iwe nyeupe, ya aina iliyoidhinishwa, isiyomtia mtu kiwi. Kazi yenyewe ni ndogo. Fundi hulegeza skrubu, huchomoa waya mwembamba utokao kwenye mota, huuunganisha na taa mpya, kisha huziba maungio maji yasipenye. Uzito uko kwenye kuchagua. Taa kali ya msituni, inayomwaga mwanga pande zote, hufichua mizizi na mawe. Jioni barabarani humpofusha mama anayemsukuma mwanawe kwenye kigari. Hapo, kwa haki kabisa, neno “changu” linapungua nguvu.

Taa iliyoidhinishwa, ikimulika ukuta, huchora ukingo ulionyooka: chini weupe, juu giza, usawa wa macho ya mpita njia.