Tulimwita Mkaidi

Mwanangu wa tatu alipotimiza miaka miwili na nusu, nyumba nzima ilikuwa imeshampa sifa moja: mkaidi. Utamwita akiwa uwani anachezea vifuu vya nazi, hageuki. Utamwambia weka chini hicho kisu, wala hana habari. Dada zake wakimwita kula, anaendelea na shughuli zake mpaka aguswe bega, hapo ndipo anagutuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa na neno lake kila mtoto alipopita bila kuitika: "Sikio la kufa halisikii dawa." Yeye alilisema kwa utani wa bibi na mjukuu. Mimi sikuwa na utani. Siku moja nilimwita mara nne asogee mbali na jiko la mkaa, hakusogea, nikamchapa kofi la mgongoni. Akageuka, akaniangalia usoni, anatafuta amekosa nini. Macho yale ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Tunaishi Tanga, vyumba viwili vya kupanga. Mimi ni fundi wa baiskeli, nauza na vipuri. Daftari la mali ninalo, la madeni ninalo, na ukiniuliza mwezi wa pili mwaka juzi niliuza minyororo mingapi nitakufungulia ukurasa. Masikio ya mwanangu sikuyaandika popote. Ndiyo maana mengi katika kisa hiki nayasimulia kwa kukisia, na huko kukisia ni sehemu ya kosa lenyewe.

Ninayoikumbuka vizuri ni mara ya kwanza sikio lilipomsumbua. Alikuwa na miezi saba. Mafua yalikuwa yamepita kwa dada zake, wote wanalala chumba kimoja, yakamfikia na yeye. Usiku wa tatu akaanza kilio ambacho mama yake alitambua kuwa si cha njaa. Akipewa chupa anafyonza mara mbili, anaitema, analia zaidi, maana sikio likiwa bovu hata kumeza kunauma. Akilazwa anazidi, akibebwa wima begani anatulia kidogo. Mkono wake haubanduki kwenye sikio la kushoto. Alfajiri akanyamaza ghafla, akalala. Kulipokucha tukakuta homa imeshuka, na kwenye foronya kuna doa la manjano lenye utelezi.

Tukamshukuru Mungu kuwa uchafu umetoka. Kumbe ile ilikuwa ngoma ya sikio imepasuka. Usaha ukijaa nyuma ya ngoma unaisukuma, na kusukumwa huko ndiko kunakouma. Ngoma ikitoboka usaha unapata njia, maumivu yanakatika, mtoto anapata usingizi. Mara nyingi tundu hilo huziba lenyewe baada ya wiki chache, maradhi yakitibiwa na sikio likikauka. La mwanangu hatukulipa nafasi hiyo.

Mara ya pili nilikwenda duka la dawa, nikapewa chupa ya amoksilini ya maji na maelekezo ya siku 5. Siku ya tatu mtoto anacheka, anatambaa, anakula. Nikaifunga chupa nikaiweka juu ya kabati iwe akiba. Miezi miwili baadaye sikio lilipoanza tena nikaishusha ile ile, nikaitikisa, nikampa. Dawa ya unga ikishachanganywa na maji haidumu. Kwa kawaida ni wiki moja, au mbili ikikaa kwenye friji. Yale niliyompa kwa kijiko yalikuwa maji ya sukari yenye rangi, na ile dozi niliyoikata njiani ilikuwa imewaacha hai wadudu waliokuwa wagumu kufa.

Baada ya hapo kila mtu akawa na dawa yake. Shemeji alipasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, akachovya unyoya wa kuku, akamtia sikioni. Wengine walisema ni meno, yakimalizika kuota na sikio litakwisha. Jirani mmoja akashauri mtoto akatwe kimeo. Hilo mama yake alilikataa palepale, na hadi leo namshukuru. Sikio likawa linatoa na kukauka, linatoa na kukauka. Tukazoea. Mama yake alikuwa anapangusa kwa upindo wa khanga huku anaongea na watu, kama mtu anavyompangusa mtoto makamasi. Hata ile harufu tukaacha kuisikia.

Aliyetufumbua macho ni binti yangu mkubwa, wakati huo yuko darasa la nne. Alinijia dukani jioni akasema, "Baba, mdogo wangu hasikii." Nikamwambia asinipotezee muda, yule ni kichwa kigumu. Hakubishana. Tulipofika nyumbani akamkuta mdogo wake amekaa kizingitini, akasimama nyuma yake hatua tatu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Pipi." Mtoto kimya. Akasema tena. Kimya. Kisha akazunguka mbele yake, akachuchumaa, akafungua mdomo akaitamka pipi bila sauti, midomo mitupu. Mtoto akanyoosha mkono apewe.

Nilikaa chini. Huyu tuliyemwita mkaidi alikuwa anatusoma midomo, na kila tuliposema naye tumempa mgongo, kwake tulikuwa hatujasema kitu. Ndiyo maana samaki alimwita "amai" na sahani "ahai". Sisi tulicheka tukaona ni utoto. Kumbe mtoto hutamka anachokisikia, na herufi nyepesi kama "s" hazikuwa zinamfikia.

Hospitalini daktari wa masikio, pua na koo aliuliza jambo moja kabla hajagusa kifaa chochote: "Sikio hili limeugua mara ngapi, na lini?" Mama watoto akasema mara nyingi. Mimi nikasema tatu, nne. Tukatazamana. Daktari akafungua kadi ya kliniki: uzito upo, chanjo zote zipo, sikio halimo hata mstari mmoja. Akasema, bila ukali, kwamba mtoto akiugua sikio la kati mara tatu ndani ya miezi 6, au mara nne ndani ya mwaka, hayo si mafua ya kupita tena, ni maradhi yanayojirudia, na huyo hutafutiwa sababu badala ya kupewa chupa nyingine ya dawa. Na sikio likitoa usaha wiki mbili au zaidi huhesabiwa kuwa sugu, matibabu yake ni mengine. "Lakini asipohesabu mzazi," akasema, "mimi nitahesabu nini?"

Alituchorea kwenye karatasi. Upo mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati, kazi yake kupitisha hewa na kuteremsha majimaji. Kwa mtu mzima umeinama, majimaji yanashuka. Kwa mtoto mchanga ni mfupi na umelala karibu usawa. Kila mafua yakija unavimba, unaziba, majimaji yanatuama ndani, na wadudu wanapata pa kuzaliana. Hii ndiyo sababu masikio husumbua wadogo zaidi, na ndiyo sababu wengi huachana nayo wanapokua. Sasa mtoto wa namna hiyo akipewa chupa akiwa chali, maziwa hupata njia rahisi ya kuelekea huko huko. Na kwetu chupa ilikuwa inaegemezwa kwenye mto ili mlezi afanye kazi nyingine. Akivuta moshi, wa sigara au wa jikoni, utando wa mrija unachubuka. Na bibi alikuwa anambeba mgongoni akichoma maandazi kwenye moshi wa kuni kila alfajiri.

Niliuliza kuhusu chanjo, maana alikuwa amepata zote. Ile ya nimonia, ambayo watoto wa Tanzania wanachomwa tangu 2013, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, hupunguza pia maradhi ya masikio, kwa sababu inapiga mmoja wa wadudu wakubwa wanaoyaleta. Haiwapigi wote. Bila chanjo ile, daktari alisema, pengine hali ingekuwa mbaya zaidi.

Hapa nina neno na wanaume wenzangu. Maziwa ya mama humkinga mtoto na maradhi haya, na mke wangu aliacha kunyonyesha mchana mtoto akiwa na miezi minne kwa sababu alirudi kwenye meza yake ya nguo sokoni. Watu walimlaumu yeye. Kutoka dukani kwangu hadi sokoni ni dakika kumi kwa baiskeli. Ningeweza kufunga mlango saa sita, nikampeleka mtoto kwa mama yake akanyonya, nikarudi. Halikunijia kichwani hata siku moja. Nililiona sikio kuwa mambo ya mama na bibi, kazi yangu ikawa kutoa hela ya dawa na kulalamika usiku kwamba nimenyimwa usingizi.

Tiba yenyewe ilikuwa ya mikono. Matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili, na kabla ya kila tone, kulikausha sikio kwa utambi. Nesi alinionyesha mimi, si mama yake, kwa kuwa niliomba. Unachukua kitambaa cha pamba kisafi kinachofyonza maji, unakata kipande, unakisokota ncha mpaka kiwe kama utambi wa taa. Unavuta sikio taratibu, unaingiza ncha, unasubiri kidogo, unatoa. Kilicholowa unatupa, unasokota kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Hakuna kijiti, hakuna unyoya, hakuna njiti ya kibiriti, na pamba haiachwi ndani. Siku ya kwanza nilitumia tambi saba, na ya mwisho bado ilikuwa na unyevu. Mtoto alipiga mateke, dada zake wakamshika miguu, nikawa namwimbia, ingawa nilijua hanisikii sawasawa. Siku ya nane zilitosha mbili. Siku ya kumi na moja utambi wa kwanza ulitoka mkavu. Nikaushika mbele ya taa nikaugeuza kila upande, siamini.

Kuoga alifunikwa sikio, baharini hakupelekwa, na mafuta ya nazi yalirudi jikoni. Chupa tuliiacha, akanywea kikombe. Jiko lilihamishiwa nje ya uwa, na bibi, alipoelezwa sababu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulibeba.

Jambo moja daktari alilirudia mara mbili nami nalirudia. Kila asubuhi papasa pale kwenye mfupa nyuma ya sikio. Pakivimba, pakiuma akiguswa, au sikio likisukumwa mbele, usingoje kesho wala usipite duka la dawa: usaha umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo hadi ubongoni si mbali. Vivyo hivyo homa kali yenye shingo ngumu, mtoto kutapika na kulegea, au uso kupinda upande mmoja.

Wiki ya sita baada ya kuanza tiba, nilikuwa namvalisha shati asubuhi, akanyamaza, akainua kidole juu. Nikatazama darini, sikuona kitu. Ndipo nikasikia: kunguru wanatembea juu ya bati, kucha zinakwaruza. Kunguru wa Tanga wametembea juu ya bati lile tangu hajazaliwa. Yeye ndiyo kwanza anakutana nao.

Wapo watoto ambao majimaji hayaondoki kabisa nyuma ya ngoma, miezi mitatu na zaidi, na hao huweza kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuwekewa vijirija vya kuingiza hewa. Wetu hakufika huko. Tundu lilijifunga, lakini lilichelewa na likaacha kovu. Maneno yalimjia kwa kasi, mengine tulimrudia polepole tukiwa tumemwangalia usoni, na "amai" ikawa samaki alipokaribia miaka minne. Sasa ana saba. Sikio la kushoto linasikia chini ya la kulia, limepimwa, na mwalimu wake anajua amkalishe upande gani wa darasa.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Wa mwanangu umo humo.

Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, toa kadi yake ya kliniki leo. Kwenye nafasi iliyo wazi andika kila tarehe unayokumbuka sikio lilipomsumbua: kushoto au kulia, lilitoa usaha au halikutoa, alipewa nini, alimaliza au hakumaliza. Kisha jioni akiwa anacheza, simama nyuma yake hatua tatu, usimguse, utaje kwa sauti ya kawaida kitu anachokipenda. Asipogeuka, usimpige. Mpeleke.